Jinsi ya kupima hatari ya mafuta ya ndege za kivita kwa afya

Jamani, usianze na mashine ya kupima hewa, anza na mtu. JP-8 ya jeshi la Marekani kimsingi ni mafuta ya taa yaliyoongezwa viungo, na anayeyapata zaidi ni fundi anayeingia ndani ya tanki la ndege, ovaroli ya pamba imelowa magotini na kwenye viwiko, anakaa nayo hivyohivyo mpaka zamu iishe. Kwa hiyo angalia ngozi kwanza, maana kipimo cha hewa kinaweza kuwa chini ya kikomo cha miligramu 200 kwa mita ya ujazo na bado mafuta yanapenya mwilini kupitia ngozi. Pima mkojo kabla na baada ya zamu, tafuta mabaki ya naftalini, kemikali iliyomo kwenye mafuta hayo, na muulize kama anavuta sigara, moshi nao unaleta mabaki hayohayo.

Haidrazini, kemikali yenye sumu inayoendesha mtambo wa nishati ya dharura wa ndege ya kivita F-16, ndo usicheze nayo kabisa! Pua inaishika kwenye sehemu 3 au 4 kwa milioni, wakati kikomo cha wataalamu ni 0.01, yaani ukisikia harufu ushachelewa, watu watoke hapo mara moja.