Mustang Fox 5.0: muda umelala kwenye mita 18 za kwanza

Mustang ya umbo la Fox, ya 1987 hadi 1993, yenye injini ya lita 5.0 HO (yaani ya nguvu zaidi) na gia tano za mkono, kwa miaka mingi limekuwa gari la mwenye mfuko mwepesi kwenye mbio za robo maili (mita 402) huko Marekani. Wengi wakishalipata hukimbilia injini: kamshafti, silinda hedi, ekzosi. Pesa zinakwisha na muda uko palepale.

Anza na karatasi unayokabidhiwa ukimaliza kukimbia. Mwendo wa mwisho unaeleza nguvu ya injini. Muda unaeleza tairi na dereva. Tuseme imeandikwa sekunde 14.6 kwa maili 98 kwa saa, na futi 60 za kwanza (mita 18.3) umezipita kwa 2.3. Injini hiyo haidaiwi kitu, gari limechelewa kuondoka. Hesabu ya mafundi ni kwamba 0.1 ukiipunguza kwenye futi 60, mwishoni unavuna 0.15 hadi 0.2. Ukishuka kutoka 2.3 hadi 1.9, tayari unanusa sekunde 14 kamili na hujafungua boneti.

Kwa hiyo fedha ya kwanza ni ya tairi za nyuma. Tafuta rimu mbili za inchi 15 zilizotumika, zenye matundu manne, uzivalishe radiali laini za mbio, saizi 255/60R15. Anza na upepo wa psi 18. Angalia alama nyeusi uliyoiacha chini: ikikolea pembeni na kufifia katikati, ongeza psi moja, ikikolea katikati tu, punguza moja. Usiruke tatu kwa mpigo, hutajua kilichosaidia. Za mbele zijaze zaidi, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Kama bado unatumia tairi za barabarani, shusha za nyuma hadi psi 26 hivi na ulizunguke dimbwi la maji lililo kabla ya mstari wa kuondokea, wanapozungushia tairi, badala ya kulipitia. Kashata hubeba maji, ukayamwaga mwenyewe pale unapoondokea. Zungusha tairi kidogo tu kuondoa mchanga, inatosha. Ule moshi ni wa watazamaji.

Tairi zikishika, udhaifu wa nyuma unajitokeza. Mikono ya chini ya ekseli ni bati lililokunjwa lenye bushi laini, hivyo ekseli hujipinda na tairi kuanza kudunda. Kudunda ndiko kunakovunja vitu, kuliko nguvu yenyewe. Weka mikono ya chini ya bomba la pembe nne yenye bushi za poliurethani, lakini ile ya juu iachie mpira wake. Mikono ya juu imekaa mshazari, na bushi ngumu hapo huifanya ekseli ikwame badala ya kucheza. Ukiwa chini ya gari, kagua bodi pale mikono inapofungwa. Bati likianza kuchanika, lichomelewe na kuimarishwa kwanza, mengine yasubiri.

Halafu difu. Nyingi zilitoka kiwandani na uwiano wa meno wa 2.73. Gia ya kwanza ni 3.35, ukizidisha unapata 9.1. Weka 3.73 unapata 12.5, na gari linaondoka kama limesukumwa. Kumbuka tairi ya 255/60 ina kimo cha inchi 27 na ya zamani 225/60 ni inchi 25.6, kwa hiyo 3.73 yako inafanya kazi kama 3.5. Kazi hii mpe fundi mwenye kipimo cha mshale kinachofanana na saa (dial indicator): pinioni inataka kola mpya ya kubonyea, na meno yakikaa vibaya yatavuma hadi yaishe. Kwenye difu ya Traction-Lok (yenye klachi ndani, inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake), tia mililita 118 za dawa ya klachi hizo pamoja na oili, la sivyo itagonga kwenye kona. Badilisha pia gia ndogo ya spidomita.

Kwenye injini, taimingi (wakati wa kuwasha cheche) ni bure. Pasha injini moto, chomoa kiplagi kidogo cha SPOUT (kinachoiruhusu kompyuta kubadilisha taimingi) karibu na distribyuta, elekeza taa ya taimingi, kisha toka nyuzi 10 za kiwandani hadi 12, halafu 14, ukitumia petroli ya okteni 91 au 93. Injini hii haina sensa ya kusikia kugonga. Sikio lako ndilo sensa. Ikilia kama misumari ndani ya kopo, rudi nyuzi mbili. Na urudishe SPOUT! Ukiisahau, taimingi inabaki palepale na gari linakuwa zito kuliko ulivyolikuta.

Uzito: toa tairi la akiba, jeki na kiti cha nyuma. Tangi ni la lita 58. Lipeleke na robo, usishuke chini ya hapo, maana gari likiruka mbele petroli hukimbilia nyuma na pampu kunyonya hewa.

Kwenye mstari, ondoka na mizunguko 3,000 kwa dakika na uiachie klachi haraka, lakini usiitupe. Gia boksi ya T5, ndiyo ile ya gia tano, haikujengwa kwa tairi zinazong'ang'ania lami, na meno ya gia ya pili na ya tatu ndiyo hutangulia kwenda. Badilisha gia karibu na 5,300. Kupita hapo injini ya kiwandani inapiga kelele tu. Kwa kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi Marekani, ukifika sekunde 13.99 unatakiwa kuvaa helmeti, na 11.49 inadai upao wa chuma wa kumkinga dereva (roll bar) ndani ya gari lenye paa la chuma.

Na kuna sehemu ndogo ya sekunde isiyolipiwa hata senti. Saa yako haianzi kuhesabu taa ya kijani inapowaka, inaanza tairi la mbele linapotoka kwenye mwali wa mwanga unaokatiza mstari wa kuondokea. Sogea polepole hadi taa ya pili ya kujipanga iwake, simama hapohapo. Tairi linapata nafasi ya kubiringika kabla saa haijaamka.