Kufunga stabilaiza nene ya nyuma kwenye Subaru Impreza, nyumbani kwako

Stabilaiza ni chuma kilichokunjwa kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Yote mawili yakipanda pamoja, kama kwenye tuta, haina kazi kubwa. Upande mmoja ukipanda peke yake, kama kwenye kona, inajipinda na kuzuia gari lisilale. Ukitoka milimita 20 kwenda 22, kwa chuma kisicho na uwazi ndani na chenye umbo lilelile, ugumu unaongezeka kwa takriban asilimia 46. Kwa hiyo usikimbilie iliyo nene kupita zote: nyuma ikikakamaa mno, mkia wa gari unachomoka kwenye lami yenye maji.

Hatua ya 1. Usiku wa kuamkia kazi, pulizia nati zote mafuta ya kulegeza kutu.

Hatua ya 2. Simamisha gari kwenye sakafu ngumu. Hendibreki inashika magurudumu ya nyuma, ambayo yatakuwa hewani, basi ziba tairi za mbele kwa vigingi, mbele na nyuma. Inua pande zote mbili, laza gari juu ya stendi mbili. Usiingie uvunguni gari likiwa juu ya jeki tu.

Mimi mara ya kwanza niliinua gurudumu moja. Chuma kilikuwa kimejipinda kama spring, bolti ya mwisho ilipoachia kikaruka na kunichana kiganja. Magurudumu yakining'inia sawa, stabilaiza inatulia, unaishika kwa mkono.

Hatua ya 3. Fungua nati za linki, vile vyuma vifupi vinavyounganisha ncha za stabilaiza na mikono ya magurudumu. Msumari wa linki ukizunguka pamoja na nati, ushike kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) au spana nyembamba huku ukifungua taratibu. Usilazimishe, uzi utalika.

Hatua ya 4. Fungua vibano vya bushi, yaani vipete vya mpira au plastiki vinavyokumbatia stabilaiza, toa chuma cha zamani, kilaze chini kando ya kipya. Mikunjo ielekee upande mmoja. Hapa ndipo wengi hufunga kichwa chini.

Hatua ya 5. Bushi za poliyurethani (plastiki ngumu) zipake grisi ya silikoni ndani, kote. Zikiwa kavu, baada ya wiki chache zitalia kama kitanda cha chuma kila ukivuka tuta.

Hatua ya 6. Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza. Kama ncha za stabilaiza zina matundu kadhaa, anza na la nje kabisa, ndilo linaloiacha laini. La ndani linaifanya ngumu zaidi. Kushoto na kulia tundu lilelile.

Hatua ya 7. Linki zenye bushi za mpira zikaze mwisho kabisa, magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari juu ya rampu, kwa vipimo vya kitabu cha gari. Zikikazwa zinaning'inia, mpira utabaki umejisokota na kuchanika mapema.

Endesha polepole kwenye barabara mbovu, madirisha wazi. Ukisikia "ko-ko" nyuma, rudi kwenye nati za linki kwanza.