Namna ya Kusikiliza Filimu Inayogusa Imani

Anayetaka kuandika uhakiki wa filimu inayogusa imani na aanze na masikio. Hapa Lubumbashi huwa tunaulizana kwanza kama filimu ni ya kidini, na kama aliyemwigiza Yesu anafanana naye. Muziki tunaukumbuka mwishoni, ilhali ndio unaotuambia tulie wapi na tunyamaze wapi.

Filimu nzuri ya kujifunzia ni Il Vangelo secondo Matteo (yaani Injili kadiri ya Mathayo), aliyoitoa Mwitaliano Pier Paolo Pasolini mwaka 1964. Yeye hakuwa muumini, lakini maneno ya Yesu aliyatoa katika Injili ya Mathayo yenyewe, na filimu akaitolea kwa kumbukumbu ya Papa Yohane wa 23. Itazame yote bila kalamu mkononi. Umeme ukikatika, usiendelee ulipoachia. Anza upya, kwa kuwa muziki hujengwa juu ya ule uliotangulia.

Mara ya pili, rudia dakika za mwanzo tu. Maria, ambaye ni mjamzito, anamtazama Yosefu. Yosefu anamtazama, kisha anageuka na kwenda zake, na hakuna anayesema neno. Andika ulichokisikia hapo, hata kama ni kimya, maana kimya cha filimu ni kazi ya mtu aliyekichagua.

Mara ya tatu, fumba macho. Utasikia muziki wa Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani, utasikia mwimbaji Odetta akiimba wimbo wa Wamarekani weusi, na utasikia Gloria, wimbo wa utukufu, ya Missa Luba, misa ya kuimbwa. Hapo ndipo mtu wa Katanga asipite haraka. Misa hiyo ilirekodiwa mwaka 1958 na kwaya ya mji wa Kamina, huku Katanga, chini ya padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen: maneno ni ya Kilatini, lakini sauti na ngoma ni za huku kwetu. Nilipoionyesha filimu hii katika chumba cha parokia moja ya Katuba, mpiga ngoma wa kwaya alianza kugonga goti kwa vidole kabla hajajua anasikia nini, na machozi yakamtoka. Mimi pia nililia.

Machozi hayo yaandike, ila yachunguze. Jiulize ni kiasi gani kimetoka kwenye filimu, na ni kiasi gani umekuja nacho mwenyewe kutoka misa za utotoni. Vyote viwili vina haki ya kuwemo katika uhakiki, mradi msomaji aweze kuvitofautisha. Mhakiki anayeficha imani yake humnyima msomaji kipimo, na anayeitanguliza mahali pa kazi ya sanaa huishia kuhubiri.

Jaribio hilohilo lifanye kwa filimu za maombi zinazouzwa mitaani kwetu, ambazo kinanda hulia chini ya kila sala tangu mwanzo hadi mwisho. Zima sauti kabisa. Ikiwa uso wa anayeomba bado unakushika, mwigizaji amefanya kazi yake. Ikiwa hakuna kilichobaki, basi kinanda ndicho kilichokuwa kinaomba, nawe useme hivyo kwa upole na kwa uwazi, ukitaja tukio lenyewe.

Kabla ya kumpa mtu maandishi yako, isikilize Gloria ile mara moja zaidi, bila picha, kisha usome aya yako ya kwanza kwa sauti.