Mirathi Kenya bila wosia: pesa inaenda wapi, miezi inaishia wapi

"Mirathi ni pesa ngapi, inachukua muda gani?" Nimechoka kujibu, someni hapa. Kwa Waislamu kuna Mahakama ya Kadhi.

1. Cheti cha kifo.

2. Upekuzi rasmi wa kila shamba kwenye ofisi ya ardhi, kuona limeandikwa kwa jina la nani.

3. Barua ya chifu. Hapa ndipo faili nyingi huharibikia. Itaje warithi wote: binti aliyeolewa, mke wa pili, mtoto wa nje, watoto wa ndugu aliyetangulia. Mliyemficha anaweza kuomba hati ya usimamizi (kibali cha korti cha kusimamia mali ya marehemu) ifutwe (kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi, Law of Succession Act) hata baada ya kugawana, mkaanza upya na gharama juu. Linganisha pia majina ya marehemu. Hati miliki ina mawili na kitambulisho kina matatu? Mmoja wenu ale kiapo mapema kwamba ni mtu yule yule, la sivyo ofisi ya ardhi itawarudisha mwishoni kabisa.

4. Fomu za korti: ombi na kiapo chake P&A 80 na P&A 5, ridhaa za warithi P&A 38, wadhamini P&A 57. Mali isiyozidi milioni 20 huenda kwa hakimu mkuu. Zaidi ya hapo, Mahakama Kuu.

5. Tangazo kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za pingamizi.

6. Hati ya usimamizi. Bado hamruhusiwi kugawa! Subirini miezi 6, muombe ithibitishwe. Mkipitisha mwaka kizembe, inaweza kufutwa.

7. Ofisi ya ardhi, mashamba yaingie majina ya warithi.

Ada ya korti ni ndogo. Mfuko hutobolewa na wakili na mpimaji.

Swali: Kwa hiyo jumla ni ngapi?
Jibu: Mashamba mangapi? Yako wapi? Kuna ugomvi? Hukusema hata kimoja.

Swali: Tuuze eka moja tumlipe wakili, hati ya usimamizi tunayo.
Jibu: Hapana. Ardhi haiuzwi kabla ya uthibitisho, kifungu cha 82. Mnunuzi atawadai.

Swali: Samahani mwalimu, ile miezi 6 haipunguzwi kamwe?
Jibu: Swali zuri, dada. Kifungu cha 71(3) kinaruhusu, ikiwa hakuna tegemezi au wote ni watu wazima na wameridhia, na korti ione kuna haja. Ambatisha ridhaa zao.

Swali: Bodi ya ardhi (Land Control Board, inayoidhinisha shughuli za mashamba ya kilimo) tunaihitaji?
Jibu: Shamba likipita zima, hapana. Mkilikata vipande vyenye hati tofauti, ndiyo, kama ni shamba la kilimo.

Swali: Wasimamizi tuwe sita, kila nyumba wawili?
Jibu: Mwisho wanne. Kukiwa na mtoto mdogo, wasipungue wawili.