Taa ya injini imewaka na kodi ni rundo: pa kuanzia kabla hujanunua sensa

Wiki hii nimemsaidia jamaa mwenye gari la zamani alilolinunua mkononi. Taa ya injini inawaka, gari linamisi (silinda zinaruka bila kuchoma petroli), likipanda mlima linakata nguvu. Skana ilitoa kodi, yaani namba za makosa: P0107, P0122, P0532, P0300 (kumisi) na P0420 (masega). Aliyelisoma kabla yangu alikuwa ameshamwandikia orodha ya spea: sensa ya presha ya manifoldi, sensa ya throto, sensa ya presha ya gesi ya AC, plagi na koili zote, halafu masega mapya (kile kisafisha moshi cha ndani ya ekzosi). Kila kodi na spea yake. Hakuna hata moja iliyohitajika.

Kodi haikuambii kifaa gani kimekufa. Inakuambia kompyuta ya injini imeona kipimo ambacho hakikubaliki, basi. Kipimo kinaweza kuharibika kwa sababu ya sensa, waya, soketi, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), umeme mdogo, au kwa sababu injini yenyewe kweli ina tatizo na sensa inasema ukweli. Na kodi zikija kwa mkupuo, si rahisi sensa tatu au nne zife wiki moja. Tafuta zinachangia nini.

Vifaa

Skana inayoonyesha data injini ikiwa inanguruma, si ile ya kusoma na kufuta kodi tu. Vile vidude vya ELM327 vya Bluetooth, pamoja na programu ya simu, vinatosha kuanzia kazi ya injini, ila usiviache vimechomekwa usiku kucha kwenye gari lenye betri iliyochoka. Multimita ya dijitali. Pini nyembamba za kupimia soketi kwa nyuma. Na mchoro wa waya wa gari hilo hilo, modeli hiyo na injini hiyo. Bila mchoro unapapasa gizani, na mimi gari lenye kodi nyingi siligusi bila mchoro.

Taa ya majaribio, ile ya balbu na kibanio, iache boksini. Ni nzuri kwa fyuzi na taa za gari. Kwenye waya za sensa inavuta umeme mwingi kuliko waya hizo zilivyoundwa kubeba, na unaweza kuiua kompyuta.

Hatua ya 1: Soma, andika, usifute

Soketi ya matundu 16 ya kuchomekea skana iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Skana isipowaka, angalia fyuzi ya kiwashio cha sigara kwanza, maana kwenye magari mengi zinatumia fyuzi moja. Magari yaliyouzwa Marekani yana mfumo huu wa kusoma makosa, OBD-II, tangu modeli za 1996, na ya petroli ya Ulaya tangu 2001. La zamani zaidi ya hapo linaweza kuwa na njia yake: Toyota nyingi za miaka ya 90, kwa mfano, unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi iliyo chini ya boneti, kisha unahesabu taa inavyopepesa.

Andika kodi zote, zilizothibitishwa na zinazosubiri. Kisha fungua frizi fremu, yaani kumbukumbu ya hali ya injini pale kodi ilipoingia: mzunguko, joto la maji, mzigo, mwendo. Watu wengi wanairuka, halafu wanafuta kodi na kumbukumbu yote inaondoka nayo. Kwa gari la huyu jamaa, fremu ilionyesha injini imeshapata moto, mwendo mdogo, mzigo mkubwa. Yaani gari linavuta. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Taa ikiwa inapepesa wakati unaendesha, usiendelee. Injini inamisi kiasi cha kupeleka petroli isiyoungua kwenye masega na kuyaunguza.

Hatua ya 2: Panga kodi kwa ukoo

Kodi za umeme, zile zinazosema volti ya sensa iko chini mno au juu mno, zinashughulikiwa kwanza. Kodi za kumisi na za mchanganyiko wa hewa na petroli zinafuata. P0420 ya masega huwa ya mwisho, kila mara, kwa sababu injini inayomisi au ekzosi inayovuja inaweza kuisababisha peke yake.

Halafu tafuta undugu. P0171 na P0174 zikija pamoja, pande zote mbili za injini zinalalamikia petroli kidogo au hewa nyingi, kwa hiyo shida iko kwenye kitu kinachohudumia pande zote mbili, si kwenye sensa mbili za oksijeni. P0135 na P0141 pamoja, anza na fyuzi ya hita za sensa hizo. Kwenye orodha yetu, P0107, P0122 na P0532 ni sensa tatu ambazo hazikai pamoja wala hazifanyi kazi inayofanana, lakini zote zinasema neno moja: volti chini. Sensa za aina hii zina waya tatu, na moja kati ya hizo ni ya volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Mara nyingi volti hiyo ni ya kuchangia.

Hatua ya 3: Betri, chaji, ethi

Betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, kati ya 13.5 na 14.7. Ukipiga selfu isishuke chini ya 9.6. Geuza multimita kwenye volti za AC (mkondo geu) ukiwa bado kwenye betri, injini inanguruma: ikizidi nusu volti, daiodi za altaneta zina kasoro na zinaweza kuichanganya kompyuta.

Ethi usiipime kwa omu. Waya uliobaki nyuzi mbili utasoma vizuri kabisa kwa omu na bado ukashindwa kubeba mzigo. Washa injini, taa kubwa na feni, weka pini moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Zaidi ya volti 0.1, safisha au badilisha waya.

Hatua ya 4: Volti 5, hapa usiwe na haraka

Washa swichi bila kupiga selfu. Chagua sensa moja iliyo rahisi kufikika, ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi kwenye waya wa volti 5, na pini nyeusi weka kwenye hasi ya betri. Usitumbukize pini nene kwa mbele, utapanua tundu na kujitengenezea kodi mpya ambayo haikuwepo. Unatarajia kusoma kati ya 4.9 na 5.1.

Ukikuta iko chini sana au sifuri, acha pini hapo hapo na uanze kuchomoa sensa zinazochangia waya huo, moja moja, ukitazama multimita. Volti ikirudi baada ya kuchomoa moja, hiyo ndiyo iliyokuwa ikiiangusha. Inasikika rahisi. Sasa sikiliza mitego yake.

Kwanza, usiishie kwenye sensa zilizotajwa na kodi. Mchoro unaweza kukuonyesha kwamba waya huo unafika pia kwenye sensa ya presha ya tangi la petroli, huko nyuma kabisa, au kwenye valvu ya EGR, ile inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini. Sensa ya presha ya AC inasahaulika kuliko zote kwa sababu mtu anasema "hiyo ni ya AC, injini haihusiki." Inahusika, kama waya ni mmoja.

Pili, magari mengi yana laini mbili za volti 5, A na B. Kodi P0641 inahusu A, P0651 inahusu B. Ukipima laini ambayo ni nzima utajiridhisha bure.

Tatu, ukichomoa kila kitu na volti haijarudi, usiihukumu kompyuta bado. Thibitisha kwanza kwamba kompyuta yenyewe inapata umeme wake na ethi zake. Kisha toa hasi ya betri, chomoa soketi ya kompyuta, na sensa zote zikiwa zimechomolewa pima omu kati ya waya wa volti 5 na chuma cha injini. Multimita ikionyesha muunganiko, waya umechubuka mahali na unagusa chuma. Kompyuta haina kosa.

Mtego wa nne ndio unaokula saa nyingi: volti iko sawa kabisa unapopima. Gari la jamaa lilisoma 5.02, safi. Nikachomoa, nikachomeka, nikatikisa soketi, 5.02. Hapo ndipo frizi fremu inapolipa, kwa sababu ilishatuambia kodi huingia gari likivuta. Tukaweka vizuizi kwenye magurudumu, mtu akaketi kwenye usukani na kukanyaga breki sawasawa, akaingiza D na kugusa resi kidogo. Injini ikaegemea kwenye maunti zake (mipira inayoishikilia), na multimita ikaporomoka hadi 0.3. Akirudisha N, 5.02 tena. (Usisimame mbele ya gari wakati wa jaribio hili, hata kama unamwamini aliye kwenye breki.)

Kinachoanguka injini inapoegemea ni waya unaovutwa au unaosuguliwa. Fuata kitita cha waya kwa tochi na vidole, hasa panapopita kwenye kona ya chuma, chini ya sahani ya betri, karibu na ekzosi, na mahali ambapo kuna mtu alishafanya kazi zamani na hakurudisha vibanio. Kwenye gari hili ilikuwa nyuma ya kompresa ya AC. Kibanio cha plastiki hakipo, bomba la kulinda waya limepasuka, na waya mmoja mwembamba umechubuliwa na bracketi kiasi cha ukucha, shaba inang'aa. Ukiguswa na bracketi, sensa zote tatu zinakosa volti 5 kwa pamoja. Kompyuta inabaki kukisia petroli, injini inamisi, na hapo P0300 inaingia.

Rekebisha kwa kulehemu kwa risasi na mrija unaosinyaa kwa joto. Kuzungusha waya kwa mkono na kuufunga tepu ni kumwandalia kazi fundi anayekuja. Kisha funga kitita upya mbali na chuma, maana ukiacha njia ile ile utachubuka tena.

Hatua ya 5: Hewa na petroli

Fanya hii kama kodi za mchanganyiko zimebaki. Kwenye skana angalia STFT na LTFT, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwa muda mfupi na kwa muda mrefu, jumlisha. Ndani ya asilimia 10 juu au chini, endelea na mengine. Ikiwa juu sana gari likiwa sailensa (linanguruma bila kukanyaga resi) na inashuka ukishika resi ya mizunguko 2,500, kuna hewa inayoingia pasipostahili: hozi ya vakyumu, gasketi ya manifoldi, mpira wa baada ya ea klina. Ikizidi kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, fikiria pampu, chujio la petroli au sensa ya hewa iliyochafuka. Kutafuta uvujaji napendelea mashine ya moshi. Kunyunyizia dawa inayowaka kwenye injini ya moto sikushauri.

Hatua ya 6: Kumisi kwa silinda moja

P0303, yaani silinda ya 3 inamisi? Hamishia koili ya 3 kwenye 1. Kodi ikihamia P0301, ni koili. Isipohama, fanya vivyo hivyo kwa plagi, kisha nozeli, kisha pima kompresheni.

Hatua ya 7: Futa, endesha, soma tena

Sasa ndiyo unafuta. Lakini taa kuzima hapo hakuthibitishi kitu, kwa sababu kodi nyingi zinahitaji safari mbili zenye kosa ndipo taa iwake. Liwashe likiwa limepoa, liendeshe mjini na barabara kuu, kisha fungua ukurasa wa utayari kwenye skana uone vipimo vipi ambavyo gari hujipima lenyewe vimekamilika. Cha masega huchukua muda mrefu. Gari likisomwa kabla hakijakamilika, kukosekana kwa P0420 si habari.

Kwa jamaa yetu, kodi za umeme na ya kumisi hazikurudi, na kipimo cha masega kilipokamilika P0420 nayo haikuwepo. Ingerudi, ningekagua uvujaji wa ekzosi kabla ya sensa ya oksijeni ya nyuma, iliyo baada ya masega, kisha nilinganishe sensa za oksijeni injini ikiwa ya moto na resi imetulia: ya mbele inapanda na kushuka, ya nyuma inatakiwa itulie. Ya nyuma ikiigiza ya mbele, hapo ndipo mazungumzo ya masega yanaanza.