Kabla Hujatoa Hela: Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo

Kijana akishakusanya hela ya kompyuta ya gemu, swali lake la kwanza huwa ni prosesa (ubongo wa kompyuta) gani anunue. Hilo ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni utacheza nini, na utachezea kwenye skrini gani. Anayetaka Valorant na Counter-Strike 2, na mwenzake anayetaka Red Dead Redemption 2, hawahitaji mashine moja hata kama mifukoni wana hela sawa. Magemu ya kushindana mtandaoni hutengenezwa yaende hata kwenye mashine za kawaida, na huko prosesa yenye kasi ndiyo inayobeba mzigo. Magemu ya hadithi yenye ulimwengu mpana hula kadi ya picha. Andika magemu matatu au manne unayoyacheza kweli, kisha soma mahitaji ya kila moja kwenye ukurasa wake wa Steam, duka la magemu la mtandaoni, au kwenye tovuti ya gemu lenyewe kama halipo huko, mfano Valorant. Soma yale yanayopendekezwa, achana na yale ya chini kabisa.

Skrini nayo ina neno lake. Monita ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080) yenye hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde na haiongezi hata moja, hivyo kulipia kadi ya kutoa fremu (picha) 140 kwa sekunde ili uitazame hapo ni hela iliyolala. Bajeti ikiwa ndogo, baki na 1080p. Kama huna monita, kibodi, mausi wala hedifoni, viingize kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Katika hela ya kompyuta yenyewe, bila vifaa hivyo, mgawanyo ninaouamini ni theluthi moja hadi asilimia 40 kwa kadi ya picha. Tenga pia akiba kidogo usiyoigusa, maana dakika ya mwisho hakukosi kebo, feni au nauli ya kurudi dukani.

Sasa sehemu ninayoomba uisome polepole: pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme kwa vipuri vyote. Haiongezi hata fremu moja, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kubanwa, na ikifa vibaya inaweza kuondoka na vipuri vingine vyote. Makasha mengi ya bei rahisi huuzwa yakiwa na pawa saplai ndani, imebandikwa 500W kwa herufi kubwa. Namba hiyo iache. Geuza ubavuni, tafuta jedwali dogo, tazama mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya picha hutegemea huo. Volti mara ampia ndiyo wati. Ukikuta 12V na 14A, una wati 168 tu, hata kama mbele wameandika 500. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huonyesha ampia 45 hivi kwenye mstari huo, yaani wati 540. Hesabu hiyo unaifanya papo hapo dukani kwa simu, na muuzaji hana pa kuipingia.

Nembo ya 80 Plus ni dalili nzuri, lakini inapima ufanisi wa kutumia umeme tu. Haikuhakikishii kwamba ndani mna kinga ya umeme kuzidi au waya kugusana. Kinga hizo huorodheshwa kwenye boksi la kampuni inayojiheshimu. Wala huhitaji wati 800. Kadi ya Radeon RX 6600 hutumia wati 132, Ryzen 5 5600 imepewa kiwango cha wati 65, na vilivyobaki (madabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vyote, diski, feni) huongeza kidogo. Jumla haifiki 300. Pawa saplai bora ya 500 au 550 inakutosha na kukuachia nafasi ya kadi kubwa baadaye.

Kuna jambo linalowaponza wanaoletewa vitu na ndugu walioko Marekani. Umeme wa kule ni volti 120, wa Tanzania ni 230 na wa Kenya 240. Pawa saplai nyingi za kisasa hupokea 100 hadi 240 zenyewe, lakini zile za zamani zina kiswichi chekundu nyuma chenye 115 na 230. Ikiwa kimeachwa kwenye 115 ukachomeka ukutani hapa, umeiunguza. Soma kibandiko kabla hujachomeka. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) iwe kwenye orodha, walau ile ndogo. UPS iliyoandikwa 650VA haitoi wati 650. Nyingi huishia kwenye wati 300 na kitu, tena kwa dakika chache tu, za kukuwezesha kuhifadhi na kuzima. Hakikisha pia soketi ya ukutani ina athi inayofanya kazi. Fundi wa umeme wa mtaani ataipima kwa gharama ndogo, na kasha la chuma linalokutekenya vidole ni ishara kwamba haipo.

Tuje kwenye kadi ya picha. Kwa 1080p, ninayoitaja kwa kila anayeniuliza ni hiyo RX 6600, iliyotoka Oktoba 2021 ikiwa na GB 8 za kumbukumbu. GeForce RTX 3060 ya GB 12, iliyotoka mapema mwaka huo huo, ni nzuri pia, hasa kama mashine itafanya na kazi ya Blender (programu ya kuchora 3D) au kuhariri video. Chini ya hapo kuna RX 580 ya GB 8, ya mwaka 2017. Bado inacheza, ila inakula wati 185, yaani zaidi ya RX 6600 inayoizidi nguvu. GT 710 na GT 730 ziepuke hata zikiwa mpya ndani ya boksi. Ni kadi za kuwashia skrini, na GB 4 zilizoandikwa kwenye baadhi ya GT 730 hazibadilishi hilo. RX 6500 XT nayo ina mtego wake: inatumia njia 4 tu za PCIe (mfumo wa kupitisha data kati ya kadi na madabodi), kwa hiyo kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0 inapungua nguvu waziwazi.

Wengi wetu tutanunua kadi ya mtumba, na sioni ubaya. Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi za picha, na kadi nyingi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana zikaingia sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu. Kinachochoka kwanza ni feni na pedi za joto. Zungusha feni kwa kidole, sikiliza kama zinakwaruza, nusa kama kuna harufu ya kuungua, tazama kama vichwa vya skrubu vimeliwa. Kisha omba iwashwe mbele yako na iendeshwe gemu zito kwa dakika 20. Madoa ya rangi, mistari, au skrini kuwa nyeusi ni sababu ya kuondoka. Usiache kufungua GPU-Z, programu ya bure. Kuna kadi bandia zinazojiita GTX 1050 Ti ilhali ndani ni GTX 550 Ti ya mwaka 2011 iliyobadilishwa BIOS (programu ya msingi iliyomo ndani ya kifaa) ili Windows idanganyike. GPU-Z huzibaini nyingi na kuandika neno FAKE kabla ya jina. Muuzaji anayekataa majaribio hayo yote amekwisha kukujibu.

Prosesa, madabodi na RAM (kumbukumbu ya muda) zichague kwa pamoja, siku moja, kwenye karatasi moja, kwa sababu kila moja inaifunga nyingine. Kwa bajeti ndogo naona njia mbili. Ya kwanza ni Ryzen 5 5600, viini (cores) 6 na nyuzi (threads) 12, kwenye soketi ya AM4 yenye RAM ya DDR4. Ya pili ni Core i3-12100F, viini 4 na nyuzi 8, kwenye LGA1700. Zote mbili huuzwa na feni yake ndani ya boksi, kwa hiyo ukiletewa prosesa tupu bila boksi, feni ni gharama ya ziada. Herufi F ya Intel maana yake prosesa haina picha ya ndani: bila kadi, skrini haiwaki kabisa. Ryzen 5 5600 nayo haina. AM5 ni jukwaa jipya la AMD na lina umri mrefu mbele yake, lakini linapokea DDR5 peke yake, na hapo ndipo bajeti huvunjika.

Vitu viwili huwanasa wengi. Madabodi za B450, za mwaka 2018, zinaikubali Ryzen 5 5600 baada tu ya kusasishwa BIOS. Muulize muuzaji, na kama hana uhakika, mwambie aiwashe na prosesa yako ikiwa juu yake. Madabodi za H610 za Intel nazo zipo za DDR4 na za DDR5, jina karibu lile lile. RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine kwa sababu pengo la katikati halipo mahali pamoja, kwa hiyo ukikosea huna la kufanya ila kurudi dukani. Nunua GB 16 kwa vijiti viwili vya 8, usichukue kijiti kimoja cha 16, maana viwili hufanya kazi sambamba na prosesa hupata data kwa upana maradufu. Bei ya RAM imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025 kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na hilo linaifanya DDR4 ya mtumba iwe jambo la busara kabisa.

Kama hela ya kadi haijatimia, usinunue kadi dhaifu ya kushikiza. Chukua Ryzen 5 5600G, ambayo ina picha ya ndani inayomudu Valorant na GTA V kwa mipangilio ya chini, cheza nayo, weka akiba, kisha ongeza kadi. Picha hiyo huazima RAM ya mashine, kwa hiyo hapo vijiti viwili ni lazima.

Ipo njia ya tatu inayopendwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli, Nairobi: kununua Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotoka maofisini Ulaya na kuichomeka kadi. Inaokoa hela nyingi. Lakini pima kasha kwanza. Yale membamba yanataka kadi fupi za kimo cha chini, na pawa saplai zake mara nyingi ni ndogo, hazina kebo ya kulisha kadi, na plagi zake si za kawaida, hivyo kuzibadilisha si rahisi. Kadi inayofaa hapo ni ile isiyohitaji kebo, kama GTX 1650 ya wati 75 au RTX 3050 ya GB 6 yenye wati 70. Zote zipo za kimo cha chini. Baadhi ya GTX 1650 zina tundu la kebo, kwa hiyo tazama kabla ya kulipa.

Umri wa mashine hiyo una uzito kuliko bei yake. Windows 10 iliacha kupewa msaada Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen 2000 kwenda juu. Zipo njia za kuilazimisha kwenye mashine kongwe, lakini Valorant kwenye Windows 11 hukagua TPM 2.0 na Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwasha), na isipoziona haifunguki. OptiPlex yenye i5 ya kizazi cha 4 inayokuvutia kwa bei inaweza kukufungia mlango wa gemu hilo hilo uliloinunulia.

Diski iwe SSD (diski ya chipu, yenye kasi), TB 1 ukiweza. EA Sports FC 24 ilitaka nafasi ya GB 100 na Red Dead Redemption 2 inataka 150, hivyo GB 256 ni za Windows na gemu moja. Hesabu na bando la kupakua hizo GB. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani kupokezana mafaili ya gemu, kwa hiyo rafiki mwenye gemu hilo anaweza kukuokolea hela nyingi ya bando.

Ukienda kununua Kariakoo, ingia dukani mwenyewe. Winga (dalali wa mtaani) anaweza kukufikisha haraka, ila bei yake imo ndani ya bei yako, na kifaa kikisumbua wiki ijayo humpati. Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi) yenye jina kamili la kifaa, na muda wa dhamana uandikwe. Anayeagiza nje aongeze VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, inayokokotolewa pamoja na usafirishaji. Dubai, kwenye maduka ya Barabara ya Khalid Bin Al Waleed, bei hupendeza, na plagi na volti zinafanana na zetu, lakini kifaa kikifa, kukirudisha ni safari.

Mazingira yetu yana dai lao. Dar es Salaam joto na unyevu wa chumvi, Dodoma vumbi. Chagua kasha lenye wavu mbele na chujio linalotoka, lenye feni mbili za kuingiza hewa na moja ya kutoa. Kioo kitupu mbele na taa za rangi hupendeza machoni, lakini kioo hicho huziba pumzi ya mashine.

Siku ya kuunga, hakikisha vijiguu vya shaba viko chini ya madabodi, vijiti vya RAM viko kwenye nafasi ya 2 na ya 4 (kama madabodi ina nafasi nne), na kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi ya picha, siyo kwenye madabodi. Ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili), la sivyo RAM ya 3200 itatembea kwa kasi ya chini. Kisha icheze mashine kwa saa nyingi wiki hiyo hiyo ya kwanza, ukitazama joto la kadi na prosesa, wakati muuzaji bado anakukumbuka. Maboksi na risiti vihifadhi mpaka dhamana iishe.