Kumwandaa mgonjwa wa Alzheimer kwa picha ya mtiririko wa damu kwenye ubongo

Mimi ndiye nitakayemchoma mzazi wako sindano ya dawa ya kupigia picha hiyo. Familia nyingi huja zikiihofia mashine, kumbe jambo lenyewe huamuliwa kabla yake. Dawa ninayotumia ni teknesiamu-99m, kitu chenye mionzi ambayo kamera huiona, iliyofungwa kwenye HMPAO, kemikali inayoiingiza ubongoni. Husafiri na damu hadi kwenye ubongo, ikanasa humo ndani ya dakika moja au mbili. Picha nitaipiga baadaye, pengine baada ya saa nzima, lakini itaonyesha damu ilivyokuwa ikitembea wakati wa sindano.

Kwa hiyo zilinde dakika hizo. Siku hiyo asinywe kahawa wala chai, asivute sigara. Njoo na orodha ya dawa zake zote. Usimwachishe hata moja bila daktari wake kusema. Mpeleke chooni kwanza, tafadhali.

Kanula, mrija mwembamba wa kupitishia dawa kwenye mshipa, naiweka mapema ili maumivu yapoe. Kisha atalala kama robo saa kwenye chumba kimya chenye mwanga hafifu. Hapa ndipo wengi hukosea, na hukosea kwa upendo: “Baba, unanikumbuka mimi ni nani?” Usimuulize kitu. Nyamaza mpaka zipite dakika tano baada ya dawa kuingia. Mzee mmoja alikuwa akisokota kifungo cha shati bila kukoma. Binti yake akaweka kiganja juu ya vidole vyake, kimya. Vikatulia kimoja kimoja, nami nikasukuma dawa taratibu, mzee hata hakugeuka.

Akihitaji dawa ya kumtuliza, omba apewe baada ya hapo. Ile yangu imeshanasa, usingizi hautaibadilisha picha. Kwenye kamera kichwa kisitikisike kwa dakika 20 hadi 30.

Kuhusu majibu: kwa Alzheimer, damu kwa kawaida hupungua pande za ubongo zilizo juu ya masikio na nyuma yake, huku sehemu inayoendesha misuli ikibaki salama. Ikipungua kisogoni, panapohusika na kuona, daktari atafikiria ugonjwa wa miili ya Lewy, ambao nao hudhoofisha akili. Ikipungua mbele, atafikiria ugonjwa mwingine tena. Lakini picha peke yake haitoshi kutaja ugonjwa, nami siku zote nasikitika ikija bila maelezo ya nyumbani. Basi andika kwenye karatasi: alianza lini kupotea njia, kama huona watu wasiokuwepo, kama tabia ilibadilika kabla ya kumbukumbu. Mpe daktari atakayeisoma picha.